Kwa Mpemba, nyumbani kwake

Mtoto wa Dar es Salaam huijua njia ya kwenda kwa Mpemba kabla hajaijua njia ya kwenda shule. Kwa Mpemba ndiko kwenye kibiriti, sukari ya kupima, unga wa nusu kilo na mkate wa asubuhi. Duka huwa na jina lake lililopakwa rangi juu ya mlango na mtaa mzima usilijue. Mwenye duka naye ana jina lake, la baba yake na la babu yake, lakini ataitwa Mpemba mpaka siku anayofunga duka. Mimi nilikulia Temeke. Nilitumwa dukani hapo mara tatu nne kwa siku, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza mzee yule, niliyezoea kumwita Ami, kwao kukoje.

Disemba iliyopita nilikwenda. Ami alinipa mwenyeji: dada yake, anayeishi kijijini kaskazini ya Wete. Akachana kipande cha boksi la majani ya chai, akaandika namba ya simu, akakipitisha kati ya nondo za dirisha. "Ukifika sema umetoka kwangu," alisema. "Na usiende hotelini. Hotelini utakula chakula, hutaila Pemba."

Boti inayotoka Dar hupita Unguja kwanza, na wengi wa abiria huteremka hapo. Waliobaki ni watu wanaorudi kwao: kina mama wenye mafurushi, vijana wa vyuo, wafanyabiashara wenye magodoro na mabati. Unguja imekaa karibu na bara, juu ya bahari isiyo na kina kirefu. Pemba iko mbali. Mkondo unaoitenga na Tanga una kina kinachokaribia mita 800, na hata bahari zilipopungua maji zama za kale, bara halikuungana nayo. Ndiyo maana kisiwa hiki chenye urefu wa kilomita kama 67 tu kina ndege wanne wasiopatikana popote pengine duniani, na mnyama wake mkubwa anayeruka, ambaye nitamfikia.

Mabaharia wa Kiarabu walikiita Kisiwa cha Kijani, na ukishuka Mkoani utaona hawakutia chumvi. Unguja ni tambarare. Pemba ni vilima na mabonde, kilima kina mikarafuu na minazi, bonde lina mpunga. Nilipanda gari ya Chake Chake, kisha gari namba 606 ya Wete, na njiani harufu ilitujia kabla ya sababu yake kuonekana. Halafu nikaiona: majamvi yametandazwa kando ya lami, mengine yamemega na ukingo wa barabara yenyewe, na juu yake karafuu zimeanikwa kwa rangi zote tatu, kijani cha leo, hudhurungi ya juzi na nyeusi iliyo tayari kwa gunia. Dereva aliyapita majamvi yale polepole, kwa adabu, kama anayepita mbele ya mtu anayesali.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu bila karafuu Pemba haieleweki. Miti hii asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa mikononi mwa Wafaransa, ikapandwa zaidi Unguja, na iliyoihudumia zaidi ni mikono ya watumwa. Mwaka 1872 kimbunga kikaipiga Unguja, kikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba haikuumia kiasi hicho, na tangu hapo ndiyo imekuwa shamba kuu la karafuu za Zanzibar. Kila ninaposikia mtu akiiita Pemba kisiwa kidogo cha pembeni hukumbuka kwamba kwa miaka mingi hazina ya Zanzibar ilijazwa na vidole vya Wapemba.

Vidole hivyo nilivikuta kazini ukumbini kwa dada yake Ami, ambaye kijiji kizima kinamwita Bi Mkubwa. Karafuu ni tumba la ua ambalo halijafunguka. Likishachanua, thamani imekwisha, kwa hiyo mchumaji hukimbizana na siku. Wanaume na vijana hupanda mtini, huvuta matawi kwa kamba na kushusha vishada kimoja kimoja. Ni kazi ya hatari, na kila mwaka wapo wanaoanguka. Jioni kazi huhamia ndani: watu wamekaa juu ya mkeka, kishada kiko mkono mmoja, na kiganja cha mkono wa pili kinakisugua mpaka karafuu zimwagike upande huu na makonyo upande ule. Hakuna kinachotupwa. Makonyo huuzwa na kukamuliwa mafuta katika kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar kilichopo Chake Chake. Watoto wa nyumba ile walikuwa wakichambua huku wakisimuliana habari za skuli, bila kuangalia mikono yao. Nilijaribu pamoja nao. Hadi Isha kiganja changu kilikuwa na ganzi, maana mafuta ya karafuu ni yale yale yanayotuliza jino bovu.

Halafu likaja sinia.

Lilikuwa limefunikwa kawa la ukili lenye mistari ya zambarau, na Bi Mkubwa alipolifunua hakutaja jina la chakula chochote. Kulikuwa na shelisheli lililopikwa kwa nazi, laini kuliko kiazi na zito kuliko ndizi. Tunda hili limebeba jina la visiwa vya Shelisheli na Wapemba hulipika kama wali wa siku za kazi. Kulikuwa na mchuzi wa pweza. Kulikuwa na chukuchuku ya samaki, maji matupu yenye ndimu, chumvi na pilipili, inayomzindua mtu aliyechoka. Pembeni kulikuwa na kachumbari ya tungule, ndivyo wanavyoita nyanya, na kisahani cha pilipili ya kusaga ambacho mtoto mmoja alikisogeza mbali nami kwa huruma.

"Kula, mwanangu, usione haya. Mgeni akila kidogo nyumba inasemwa," alisema Bi Mkubwa.

Pweza yule niliyajua maisha yake, kwa kuwa mchana nilikwenda pwani na binti zake. Siku za bamvua maji hupwa mbali sana, na wanawake huteremka kwenye mwamba na vijiti vyao wakitafuta mashimo. Aliyezoea hulijua shimo lenye mwenyewe kwa magamba ya chaza na kaa yaliyotapakaa mlangoni, maana pweza akila hutupa taka nje. Akitolewa hupigwa juu ya jiwe mpaka nyama ilegee. Nyumbani huchemshwa kwa maji yake mwenyewe, bila kuongezwa hata tone, kisha hutiwa tui la pili, binzari na vitunguu thomu. Tui la kwanza hubakizwa hadi chungu kinapokaribia kuepuliwa. Binti mkubwa aliniambia anayetia tui la kwanza mapema anapika mafuta. Nimekula pweza Dar na Unguja, wa kuchoma na wa supu. Huyu wa kijijini karibu na Wete ndiye nitakayempimia wengine.

Asubuhi palikuwa na mkate wa kumimina. Mchele hulowekwa usiku, husagwa na tui la nazi, hutiwa hamira, sukari na iliki, huachwa uumuke, kisha humiminwa katika sufuria na kupaliwa moto wa makaa chini na juu. Ukipikwa sawasawa ukikatwa huonyesha matundu kama sega la nyuki. Tuliula na chai ya rangi yenye karafuu mbili na kijiti cha mdalasini uliobanduliwa uani. Pombe katika nyumba kama hizi haipo na hakuna anayeiulizia, lakini kinywaji ni jambo linalotiliwa maanani kuliko nilivyowahi kuona. Kuna juisi ya mabungo, rangi ya chungwa iliyoiva na ukali unaofunga taya. Kuna ukwaju. Kuna maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Kuna dafu, linaloangushwa mbele yako. Na magharibi kuna kahawa chungu barazani, vikombe vidogo visivyo na mkono, halua iliyokolea samli na kungumanga kwenye kisahani, na mazungumzo ambayo hayana haraka ya kufika popote. Mwenye kutaka kuijua bei ya karafuu, nani kaposa, na chombo gani kimechelewa kurudi kutoka Tanga, akae hapo.

Disemba ni mwezi wa matunda. Shokishoki huuzwa kwa mafungu, zimevaa manyoya yao mekundu. Doriani husikika kabla ya kuonekana. Mtu mmoja aliingia nayo kwenye gari ya Konde, ndani ya mfuko uliofungwa mara mbili, na gari zima likajua. Wageni wengi hukataa kwa harufu. Mimi nawasihi wavumilie, kwa kuwa ndani ya miba ile kuna kitu kizito kama malai, chenye utamu unaobadilika mara tatu kabla hujameza. Wapemba wanaipenda bila kuiombea radhi, nami nimejiunga nao.

Wanadamu hawako peke yao katika matunda haya. Kijiji cha Kidike, si mbali na Chake Chake, kina miti mirefu ambayo kwa mbali huonekana imezaa matunda meusi. Ukikaribia, matunda yanajikuna, yanagombana, yanajipepea kwa mbawa. Ni popo wa Pemba. Kichwa na shingo vina manyoya ya rangi ya kutu, uso ni kama wa mbweha mdogo, na mbawa zikikunjuliwa hupita mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha. Wanasayansi wanamwita Pteropus voeltzkowi, kwa jina la Mjerumani Alfred Voeltzkow aliyefika kisiwani mwanzoni mwa karne ya 20. Jamaa zake wako Komoro, Madagaska, India, hadi Australia. Bara la Afrika halina hata mmoja. Alifuata visiwa, akaishia hapa.

Nusura tumpoteze. Nyama yake ililiwa, misitu ilikatwa, na ilipofika mwisho wa miaka ya 1980 wataalamu waliomtafuta waliona wachache mno. Mwaka 1996 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka katika kundi la wanyama walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Kilichomwokoa ni vijiji. Watu walielezwa, wakakubaliana, wakajiwekea sheria za kutowinda penye makazi ya popo, na skuli zikafungua klabu za watoto wa kuwalinda. Makaburi yalisaidia pia: miti ya makaburini haikatwi, na popo walikwisha kuitambua amani ya mahali pale. Hesabu za miaka ya 2000 zilipita 20,000. Kidike wameweka kiingilio, mgeni hulipa, na fedha huingia katika mambo ya kijiji.

Nilikaa chini ya miti ile hadi jua lilipozama. Mmoja alianza, akazunguka, akarudi. Kisha wakatoka kumi, kisha sikuweza tena kuhesabu. Hawapigi mbawa kwa papara kama popo wadogo wa darini. Wanakwenda kwa makasia mapana na ya polepole, kama kunguru waliosahau kulala. Mzee aliyenisindikiza alikuwa akiwatazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake wakitoka zizini. "Hawa ndio wanaotupandia," alisema. Na ni kweli. Hula tini, maembe na shelisheli, hunyonya maji na kutema makapi, na mbegu huziangusha mbali na mti mama. Nilipomuuliza iwapo hawamharibii maembe yake, alifikiri. "Wanakula. Na sisi tunakula. Embe zilizobaki juu kabisa, nani angezipanda?"

Msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi, nauandika kwa moyo mzito kidogo, kwa kuwa ni kipande kilichosalia cha msitu uliokuwa umefunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mashamba. Lakini kipande chenyewe kimeshiba. Kuna mivule ambayo watu watatu hawaikumbatii, kuna mpapindi, mti mwembamba wa msituni wa jamii ya mnazi ambao nao ni wa Pemba peke yake, na kuna kima punju wachache, kizazi cha wale walioletwa kutoka Unguja miaka ya 1970. Ninga wa Pemba alipita juu yetu mara moja, kijani na kijivu, akapotea. Tulirudi usiku kwa ajili ya bundi. Bundi wa Pemba ni mdogo, wa rangi ya kutu, na hana wimbo: hutoa mlio mmoja tu, hu, hunyamaza, halafu tena hu. Mwongozaji wetu alimjibu kwa mdomo. Bundi akasogea mti mmoja. Wakajibizana mpaka tukamwona juu ya tawi, macho ya manjano yameikodolea tochi. Komba nao walikuwa wakilia kama watoto wachanga. Wagema wa pwani wanawajua vizuri, maana komba hupanda minazi usiku na kunywa tembo katika vibuyu visivyo vyake.

Kutoka Ngezi nilikwenda Tumbe alfajiri, penye soko la samaki la upande huo. Vyombo vinaingia na nguru, jodari, kolekole na dagaa wa kujaza matenga, samaki anawekwa chini, na dalali anapaza bei kwa kasi inayomwacha mgeni hoi. Hapo nilikisikia Kipemba chenyewe. Dada yake Ami alikuwa akinisanifishia maneno kwa ukarimu. Sokoni hakuna ukarimu huo. "Yakhe, watenda nini hapa?" mmoja aliniuliza, na nilipojibu wote wakajua nimetoka bara. Wahenga walisema Wapemba hujuana kwa vilemba. Mimi nasema na kwa vitenzi pia.

Kisiwa cha Misali nilikiendea kwa mashua kutoka Wesha, bahari ya kaskazi ikiwa imetulia. Ni kisiwa kidogo, na watu wa Pemba wanasimulia kwamba Nabii Hadhara alifika hapo, akawaomba wavuvi msala wa kusalia, wakawa hawana. Akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, nacho kimeelekea kibla. Tangu mwaka 1998 Misali ni hifadhi. Serikali ilipotaka wavuvi waache baruti na nyavu haramu, amri peke yake haikutosha. Masheikh walipowakumbusha kwamba mwanadamu ni khalifa wa Mungu juu ya viumbe, na kwamba hakuna anayechafua msala, maneno yaliingia. Leo wavuvi bado wanalala dago hapo na kuvua sehemu zilizoruhusiwa. Kasa na ng'amba hupanda ufuoni kutaga. Nilizama na miwani ya maji nikayaona matumbawe yakiwa hai, rangi juu ya rangi, nikafikiria sehemu za pwani yetu ya bara ambako baruti imeacha kifusi kitupu.

Kuhusu mchezo wa ng'ombe nitasema machache, kwa kuwa nilifika kijiji cha kusini mchezo ukikaribia kwisha. Husemwa ni masalio ya Wareno, waliokuwa na nguvu katika visiwa hivi karne ya 16 na ya 17. Dume hufungwa kamba ndefu, vijana humchokoza kwa kitambaa na kumkwepa, zumari na ngoma zinavuma, kina mama katika kanga mpya wanaimba, na watoto wamejaa juu ya miembe. Hakuna mkuki wala upanga. Ng'ombe hauawi, jioni anarudishwa kwa mwenyewe, ambaye anatembea mbele yake kwa fahari ya baba wa bwana harusi.

Kilichonikaa zaidi ni kitu kidogo. Siku ya mwisho, Wete, nilitaka kununua maji ya chupa. Duka lilikuwa wazi, mizani juu ya meza, fedha ndogo ndogo ndani ya bakuli, na kamba moja ya katani imefungwa kukata mlango. Mwenyewe hayupo. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshaisha. Nikakaa barazani kusubiri. Mteja mwingine alikuja, akaona kamba, akakaa. Akaja wa tatu. Hakuna aliyechungulia ndani. Mwenye duka aliporudi, mikono ya kanzu bado imekunjwa, aliifungua kamba, akatusalimu kila mmoja kwa zamu ya kuja kwetu. Nikakumbuka nondo nene za dirisha la Ami kule Temeke, tundu la kupitishia mkono, kufuli tatu. Zile nondo tuliomfunga nazo ni sisi.

Bi Mkubwa alinifungia mzigo: ng'onda wawili katika gazeti, mikate mitatu ya ufuta, halua, na karafuu za shambani kwake ndani ya kitambaa. Nilifika Dar usiku, na asubuhi nikampelekea Ami. Alivipokea kimoja kimoja kupitia tundu la dirisha. Aliniuliza kama ule mkarafuu ulio nyuma ya msikiti umezaa. Nikamwambia umezaa sana, ndio ulioanza kuchumwa. Akaniuliza kama popo wapo bado. Wapo, Ami. Wamejaa.

Kulikuwa na foleni nyuma yangu: mtoto wa sukari, binti wa vocha, mama wa maharage. Ami alifungua kitambaa, akakisogeza puani, akainamisha kichwa. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nikiwa mdogo. Alizunguka, akafungua mlango wa pembeni, akatoka, na wote tuliokuwa kwenye foleni akatugawia kipande kimoja kimoja cha mkate wa ufuta.